Kurithi au kupokezana? Kitenzi kilichobebeshwa mzigo usio wake

"Ulevi wa babu yako umepigwa muhuri kwenye kromatini yako, na wewe umeurithi."

Kauli hii niliisikia redioni majuzi nikiwa hapa nyumbani Sugoi. Msemaji alikuwa mnasihi wa ndoa aliyekuwa akiwahimiza vijana wachunguze koo za wachumba kabla ya kupeleka posa. Kisarufi, sentensi yenyewe haina dosari. Upatanisho umekaa sawa, kauli ya kutendwa katika "umepigwa" imetumika ipasavyo, na hata istilahi "kromatini" imeswahilishwa vizuri kwa irabu mwishoni. Mtahini wa insha angeipitisha bila kuichafua kwa wino mwekundu. Hata hivyo ni sentensi ya uongo, na uongo wake haujakaa kwenye "kromatini", neno ambalo wasikilizaji wengi hawalijui. Umekaa kwenye "umeurithi", neno ambalo kila mtu anadhani analijua.

Niondoe kwanza jambo dogo njiani. Wapo wanaoandika "kuridhi" wakikusudia "kurithi", na kinyume chake. Kuridhi ni kuwa radhi, kukubali. Kurithi ni kupata mali, cheo au sifa kutoka kwa aliyekutangulia. Hilo ni kosa la matamshi lililohamia kwenye tahajia, na mwalimu wa darasa la nne anaweza kulimaliza kwa kipindi kimoja. Ninalolizungumzia leo haliwezi kusahihishwa kwa kubadilisha herufi.

Kwa muda mrefu, kuunda istilahi za sayansi katika Kiswahili kumekuwa ni kusaka nomino. TUKI ilipochapisha Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 ilitufaa sana, na waliofuata wameongeza juu ya msingi huo. Lakini fungua orodha yoyote ya istilahi: nomino zimejipanga kama askari wa gwaride, vitenzi utavitafuta kwa tochi. Tumebishana miaka nenda miaka rudi iwapo tuseme seli au chembe hai, jeni au kinasaba, DNA au msimbojeni. Watanzania wamekita kambi kwenye "vinasaba", magazeti ya Kenya yakajaribu "msimbojeni", na mwananchi wa kawaida anasema "DNA" tu na maisha yanaendelea. Mimi sina ugomvi na yeyote kati ya hao. Ugomvi wangu ni kwamba tulipokuwa tukigombania majina ya vitu, hakuna aliyeuliza vitu hivyo hufanya nini, na kwa kitenzi kipi. Vitenzi tulivichukua popote tulipovikuta. Ndivyo "kurithi" kilivyoingia maabara kikiwa bado kimevaa nguo za msibani.

Nasema nguo za msibani kwa sababu kitenzi hiki, katika maisha ya Waswahili, hakitengani na kifo. Mirathi hugawanywa baada ya maziko. Anayekupa shamba akiwa hai hakurithishi, anakupa hiba. Anayeeleza sasa kile kifanyike akishaondoka ameacha wasia. Pwani, mtu yeyote aliyekaa mbele ya kadhi anazijua tofauti hizi, na hata huku bara, ambako hatutumii "hiba" kila siku, hakuna anayesema amemrithi babake ilhali mzee yumo sebuleni anakunywa chai. Kwa hiyo "kurithi" kimebeba mambo matatu: aliyekuwa nacho ametoweka, aliyepokea ni mtu mwingine, na kinachopokewa kinafuata nasaba. Huo ndio mzigo wake halali. Ukikitumia kwa jambo lisilo na mambo hayo matatu, msikilizaji atayatia mwenyewe bila kuombwa.

Sasa tuitazame hiyo kromatini.

Jina lilitungwa na Mjerumani Walther Flemming karibu mwaka 1880, alipokuwa akichungua seli za viluwiluwi wa salamanda kwa hadubini. Aliona ndani ya kiini cha seli kitu kinachonyonya rangi za maabara vizuri kuliko sehemu nyingine, akakiita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya rangi. Ni jina linalotuambia kitu kinaonekanaje kikipakwa rangi. Kazi yake halitaji. Ndiyo maana nasema tusijisumbue kulitafutia tafsiri tamu. Kromatini ibaki kromatini.

Kazi yake ni kufunga na kufungua. DNA iliyomo katika seli moja ya binadamu, ukiinyoosha, hukaribia mita 2, na kiini kinachoihifadhi ni cha elfu chache tu za milimita. Uzi huo huzungushwa kwenye vijikunjo vya protini ziitwazo histoni, kila kijikunjo kikizungukwa na jozi 147 za herufi za DNA, na mkufu huo wa vijikunjo ndio hukunjwa tena na tena. Panapofungwa sana, jeni zilizo hapo hazisomeki. Panapolegezwa, husomeka. Seli ya ini na seli ya neva zina DNA ile ile. Kinachozitofautisha kwa kiasi kikubwa ni kurasa zipi zimefungwa na zipi ziko wazi. Histoni zenyewe hubandikwa alama ndogo za kikemia, na DNA nayo hubandikwa vikundi vya metili. Alama hizo ndizo husema: hapa fungua, hapa usiguse.

Swali lililowakosesha wanabiolojia usingizi ni hili. Seli ya ini ikigawanyika, huzaa seli mbili za ini. Haizai moja ya ini na nyingine iliyosahau kazi. Zinajuaje?

Wengi wetu tungejibu haraka: zimerithi. Hebu tuone kama kitenzi kinastahimili.

Tatizo linaanzia hata kabla ya hapo, kwenye "kugawanyika". Mkate ukigawanyika, kila kipande ni kidogo kuliko mkate. Seli haifanyi hivyo. Hurudufisha DNA yote kwanza, kisha hutengana, kila upande ukiwa na nakala kamili. Tunaita iliyotangulia "seli mama" na zilizofuata "seli binti", msamiati wa kuazima ambao sijawahi kuupenda. Ni mama gani huyu ambaye baada ya kujifungua hayupo, wala hakufa, wala hakuna maiti? Mama ndiye binti wawili. Hakuna mirathi hapa kwa sababu hakuna marehemu. Hakuna hiba kwa sababu aliyetoa hakubaki upande wa pili akiwa mikono mitupu. Ukoo wa seli ni jambo ambalo lugha ya ukoo haikulitarajia.

Ndani ya hilo tendo kuna jambo lenye kuvutia zaidi. Mashine ya kunakili DNA inapopita, huvibomoa vijikunjo vilivyo mbele yake. Nyuma yake nyuzi ni mbili, na histoni za zamani zenye alama hutawanywa kwa nyuzi zote mbili, takriban nusu kwa nusu. Mapengo hujazwa na histoni mpya ambazo hazina alama yoyote. Kwa hiyo kila nakala hutoka ikiwa na nusu tu ya maagizo. Ingekuwa ni kurithi kwa maana ya kugawana mali, baada ya migawanyiko michache kusingebaki kitu: nusu, robo, thumuni, basi. Mali ya familia nyingi za Uasin Gishu imekwenda hivyo hivyo, ekari 20 za babu zikawa viploti vya robo ekari. Seli haifilisiki kwa sababu kuna vimeng'enya vinavyoisoma alama ya zamani na kuiandika kwa jirani asiye nayo. Kimoja, kiitwacho PRC2, kina sehemu inayoitambua alama ile ile ambayo sehemu yake nyingine huiandika. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 2009. Kimeng'enya kingine, DNMT1, huutazama uzi wa DNA wenye metili upande mmoja na kuukamilisha upande wa pili.

Kiswahili kina kitenzi kwa jambo la namna hii, nacho ni kizee: kupalia moto. Zamani, kabla ya kiberiti kuwa kitu cha kila duka, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae akapalie moto, yaani achukue kaa moja au mawili yaliyowaka ili ayawashe yaliyozimika nyumbani. (Msomaji wa huku kwetu asichanganye na kupalilia mahindi, kazi tunayoijua vizuri zaidi.) Kaa moja halipungukiwi kwa kuwasha jingine. Histoni ya zamani ni hilo kaa. Ukiniuliza alama za kromatini zinavyopitaje, nitakuambia zinapaliwa, na nitakuwa nimekaribia ukweli kuliko mwenye "kurithi".

Lakini alama ni jambo moja, na mpangilio wenyewe, ile mikunjo na vitanzi ndani ya kiini, ni jambo la pili. Hapa ndipo kitenzi chetu kinapoanguka chali kabisa. Seli inapofikia kugawanyika, kromatini yote hukazwa kuwa vile vijiti tunavyovichora kwa umbo la X, kromosomu. Mwaka 2013 kundi la Job Dekker nchini Marekani lilionyesha kwamba katika hatua hiyo mikunjo ya kawaida hutoweka: vitanzi, vitongoji, mipaka ya sehemu zilizofungwa na zilizo wazi, vyote havionekani. Kromosomu zote, za seli ya aina yoyote, hukunjwa kwa namna inayofanana. Baada ya seli kutengana, mpangilio wa awali hujengwa upya katika saa chache.

Waangalie wachuuzi wa mitumba wanaozunguka na masoko, leo soko hili, kesho lile. Jioni, kibanda chote hushushwa. Suruali, sweta, mapazia, vyote hufungwa robota moja na kutupwa juu ya lori, na marobota ya wachuuzi ishirini yanafanana hata ukitazama huwezi kujua nani anauza viatu. Kesho yake saa moja asubuhi kibanda kimesimama upya, sweta za watoto mbele, makoti nyuma, kama jana. Mpangilio haukusafiri juu ya lori. Kilichosafiri ni nguo, na vijikaratasi vya bei vilivyobaki vimebanwa kwenye baadhi yake, na mtu anayejua kusoma vijikaratasi hivyo. Kwa seli, vijikaratasi ni alama za histoni na metili, pamoja na baadhi ya protini zinazobaki zimeng'ang'ania mahali pake hata kromosomu ikikazwa. Sehemu nyingine ya maelekezo imo kwenye herufi za DNA zenyewe, zinazoonyesha kitanzi kiishie wapi.

Basi sema "seli imerithi mpangilio wa kromatini" na utakuwa umesema jambo ambalo halikutokea. Mpangilio ulivunjwa. Zilizopita ni alama, mpangilio ukajengwa.

Kwa nini nalishikilia hili kama mtu aliyeibiwa kuku? Kwa sababu nchi moja kubwa iliwahi kuchanganya kumbukumbu ya seli na urithi wa kizazi, na mchanganyiko huo ukaua watu. Kisa chenyewe kinahusu ngano, zao ambalo kaunti yetu inalijua.

Ngano tunayopanda sisi ni ya aina isiyodai baridi kali ili itoe masuke. Huko Urusi na Ulaya kuna ngano nyingine inayopandwa kabla ya majira ya baridi, na isipopitia majuma kadhaa ya baridi hubaki majani matupu. Baridi yetu ya Julai, hiyo inayotufanya tuvae sweta mbili, kwa ngano hiyo si kitu. Mwaka 1918 Mjerumani Gustav Gassner alieleza jinsi nafaka za aina hii zinavyoihitaji baridi hata zikiwa changa kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Trofim Lysenko akapata sifa katika Muungano wa Kisovieti kwa kulowesha mbegu na kuzitia baridini kabla ya kuzipanda. Kufikia hapo, jambo lilikuwa na ukweli ndani yake. Kisha akadai kwamba ngano ikishafundishwa hivyo, vizazi vyake hurithi mafunzo hayo, na kwamba jeni ni hadithi za mabepari. Nikolai Vavilov, mwanasayansi aliyezunguka dunia kukusanya mbegu, na ambaye mwaka 1927 alifika Ethiopia na Eritrea akakusanya ngano za huko, hakukubali. Alikamatwa mwaka 1940 na kufia gerezani Saratov mwaka 1943. Mwaka 1948 elimu ya jeni ilipigwa marufuku rasmi nchini humo.

Leo tunajua Lysenko alikosea wapi, na jibu limo ndani ya kromatini. Mmea mdogo uitwao Arabidopsis, wa jamii moja na sukuma wiki, una jeni iitwayo FLC inayozuia maua. Caroline Dean na wenzake huko Norwich, Uingereza, wameonyesha kwamba baridi huifunga jeni hiyo kwa zile zile alama za PRC2, seli moja baada ya nyingine. Baridi ikirefuka, seli zilizofungwa huongezeka. Joto likirudi, alama haziondoki. Kila seli inayogawanyika huzipalia kwa zinazofuata, hadi mmea uchanue. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya baridi. Lakini mbegu inapoundwa, alama za FLC hufutwa, na mche mpya huanza upya bila kumbukumbu, ukidai baridi yake mwenyewe. Kumbukumbu hupita kutoka seli hadi seli ndani ya mmea mmoja. Kwa mtoto wake haivuki.

Kwa Kiswahili cha mnasihi wetu, mambo hayo mawili yana kitenzi kimoja.

Juma lililofuata baada ya kile kipindi, mama mmoja jirani alinisimamisha njiani kutoka kinu cha unga. Bintiye alikuwa ameposwa, koito ilikuwa karibu, na upande wa mvulana walikuwa wameanza kuulizauliza.

"Mwalimu, si wewe ndiye unasoma hivi vitabu? Ati ni kweli msichana wangu amebeba pombe ya babu yake?"

"Babu yake alikunywa sana, mama?"

"Alikunywa, sitakudanganya. Lakini msichana hata soda hamalizi."

Nilimjibu kwa urefu ambao nadhani ulimchosha. Nilimwambia kuna jeni zinazoweza kumfanya mtu anaswe na pombe kwa urahisi kuliko mwingine, na hizo, kama zimo katika ukoo, hupita kwa nasaba. Si za babu mmoja, na kuwa nazo si kuwa mlevi. Lakini kunywa kwenyewe, zile jioni za mzee kilabuni, hakuna anayeweza kuonyesha muhuri wake kwa mjukuu. Katika mamalia, sehemu kubwa ya alama za metili hufutwa mara mbili: mara moja katika seli zitakazokuwa mayai na mbegu za kiume, na mara nyingine mimba inapoanza kukua. Kuna jeni chache zinazoruka ufutaji huo wa pili, nazo zinajulikana. Muhuri wa ulevi wa babu haumo katika orodha hiyo.

"Sasa mbona waliseme redioni?" akaniuliza.

Walilisema kwa sababu kitenzi kiliwaruhusu. Laana ya ukoo tayari ilikuwa na sarufi yake: mzee alitenda, akafa, nasi tumeurithi uovu wake. Sayansi ilipokuja na neno "kurithi" juu ya kromatini, laana ilikuta kiti kimeshawekwa. Hakuna aliyehitaji kudanganya. Ilitosha kutafsiri kwa haraka.

Na mifano ya kweli hupindwa hivyo hivyo. Unaotajwa sana ni njaa ya Uholanzi ya majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, Wajerumani walipozuia chakula kufika magharibi mwa nchi hiyo. Mwaka 2008 Bastiaan Heijmans na wenzake walitangaza kwamba watu waliotungwa mimba wakati wa njaa hiyo, baada ya miongo 6, walikuwa na metili pungufu kwenye jeni iitwayo IGF2 wakilinganishwa na ndugu zao ambao hawakupitia njaa hiyo. Mara nyingi husimuliwa kwamba "walirithi njaa ya mama zao". Soma tena. Watu hao walikuwemo wenyewe ndani ya njaa, wakiwa mimba changa. Hawakuachiwa njaa na mtu. Kilichowafanya waonyeshe alama miaka 60 baadaye ni seli zao wenyewe kupaliana hali ile ile, mgawanyiko baada ya mgawanyiko. Hilo ndilo ajabu la habari yenyewe, na kitenzi "walirithi" huliua. Gambia nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba lishe ya mama wakati mimba inatungwa, ambayo huko hubadilika na msimu wa mvua na wa kiangazi, huacha alama kwenye DNA ya mtoto. Mtoto alikuwepo. Alikula alichokula mama.

Hata wajukuu si ushahidi rahisi hapa. Mama mwenye mimba ya msichana hubeba vizazi vitatu kwa mpigo: yeye, bintiye, na zile seli ndani ya bintiye zitakazokuwa mayai. Njaa ikimpata, imewapata wote watatu moja kwa moja. Anayetaka kusema kwamba hali imerithiwa na mtu ambaye haikumgusa lazima afike kwa kitukuu.

Pendekezo langu ni kwamba tuandikapo juu ya seli tutumie "kupokezana". Seli hupokezana alama. Alama hupaliwa kwa histoni mpya. Mpangilio hujengwa upya. Wasomaji wa Eldoret hawahitaji kufafanuliwa mbio za kupokezana vijiti: kijiti hupita mkononi mwa mtu angali anakimbia, na mbio ni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mwili mmoja, mbio moja. "Kurithi" tukiachie kile kinachovuka kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, kilichopita chujio la yai na mbegu.

Nako huko tusikifungie mlango kwa kromatini moja kwa moja, maana mahindi yatatuumbua. Mwaka 1956 Alexander Brink wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alieleza jambo lisilotarajiwa: jeni ya rangi ya punje za mahindi, ikikaa katika mmea mmoja na mwenzake wa aina fulani, hutoka imefifia, na kufifia huko huendelea katika vizazi vinavyofuata ingawa herufi za DNA hazikubadilika. Hiyo ni hali ya jeni iliyovuka mbegu. Mimea hufanya mambo haya zaidi kuliko sisi. Katika punje hizo, "zimerithi" ni kitenzi sahihi, na nitakitetea mbele ya yeyote.

Najua "kupokezana" nacho kina upungufu. Ni kitenzi cha kutendana. Kinadai pande mbili ziwepo kwa wakati mmoja, na mkimbiaji aliyetoa kijiti hubaki amesimama kando ya njia akihema. Seli iliyotoa haibaki. Nimejaribu "kujiendeleza", kikanukia semina za walimu. Nimejaribu "kuvusha", kikadai mto. Msomaji aliye na kitenzi kinachoweza kusema kwamba mmoja amekuwa wawili bila kufa, na wawili wakakumbuka alichokuwa, aniandikie.